Anayelala, anayekuja na kurudi, au kibarua wa siku: mshahara na likizo za wasaidizi wa nyumbani Tanzania Bara

Nyumba inayotafuta msaidizi huanza na swali la bei, na kwa bei dada anayelala ndani hushinda kila mara. Amri ya Kima cha Chini ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, yenyewe iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Nusu kabisa. Lakini ukiziweka saa za kazi kwenye karatasi, na ukahesabu siku ya kuagana, tofauti hiyo hupungua sana na mara nyingine huisha.

Ulinganisho huu unafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na marekebisho yake. Ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, usizihamishe tarakimu hizi kuvuka bahari. Wala hazimhusu mpishi au mhudumu wa Ikulu na nyumba nyingine za viongozi ikiwa mwajiri wake ni Serikali, maana huyo ni mtumishi wa umma mwenye kanuni zake. Wa kwako wewe, awe yaya, mpishi, mtunza bustani au dereva wa familia, yuko humu.

Kima cha chini: tambua ngazi yako kwanza

Amri ya 2022 haikuwaweka wafanyakazi wote wa nyumbani kapu moja. Wa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa walipangiwa 250,000, wa maofisa wanaostahili kupewa msaidizi wa nyumbani 200,000, wengine wasiolala kwa mwajiri 120,000, na waliobaki 60,000. Viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia 1 Januari 2026, kwa hiyo chukua tarakimu ya ngazi yako kwenye amri mpya kabla hujatamka mshahara. Mgawanyo wa 2022 unafaa kwa jambo moja: unaonyesha kwamba malazi yamekwishahesabiwa ndani ya kiwango kidogo cha anayelala. Anayempa dada kiwango cha anayelala, kisha akamkata tena "hela ya chumba", anakata kitu kilekile mara mbili.

Kwa mifano ya hapa nimechukua mishahara ambayo haitegemei amri: 150,000 kwa anayelala, 250,000 kwa anayekuja na kurudi, na 15,000 kwa siku kwa kibarua anayekuja siku tatu kwa wiki. Badilisha ziwe zako, njia ya hesabu haibadiliki.

| | Anayelala | Anayekuja na kurudi | Kibarua, siku 3 kwa wiki |
|---|---|---|---|
| Malipo kwa mwaka | 1,800,000 | 3,000,000 | 2,340,000 |
| Mchango wako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii (10%) | 180,000 | 300,000 | 234,000 |
| WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (0.5%) | 9,000 | 15,000 | 11,700 |
| Jumla kabla ya chakula na ovataimu | 1,989,000 | 3,315,000 | 2,585,700 |
| Notisi baada ya mwezi wa kwanza | siku 28 | siku 28 | siku 4 |
| Likizo ya mwaka | siku 28 | siku 28 | inategemea, tazama chini |

Saa za kazi ndizo zinazoamua

Ukomo wa kawaida ni siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Ovataimu isizidi saa 50 katika kila mzunguko wa wiki nne, iwe kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Hata na ovataimu ndani, siku isivuke saa 12 za kazi.

Mshahara wa saa hupatikana hivi: gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawa kwa saa za wiki. Kwa 150,000 unapata 34,618 kwa wiki na 769 kwa saa. Ovataimu ya saa moja ni 1,154. Kwa 250,000 saa moja ni 1,282 na ovataimu 1,923. Usigawe kwa siku 30. Wengi hufanya hivyo, na kila hesabu inayofuata, kuanzia sikukuu hadi kiinua mgongo, inatoka pungufu.

Sasa iangalie siku ya kawaida ya dada anayelala. Anaamka saa 11 alfajiri kuwaandaa watoto wanaopitiwa na basi la shule, anafunga jiko saa 4 usiku mzee wa nyumba akishakula. Kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri kuna saa 7 tu. Sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Inaruhusu kuyashusha hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi, iwapo kazi ya mchana ina mwanya wa angalau saa 3 au mfanyakazi anaishi pale pale. Ratiba hiyo imevunja hata unafuu wenyewe, na hakuna nyongeza ya mshahara inayoihalalisha.

Ratiba ya anayelala inayokubalika ipo, nayo hugawanya siku vipande viwili: saa 11:30 alfajiri hadi 3:30 asubuhi, kisha yuko huru kabisa, arudi kazini saa 10:30 jioni hadi saa 2 usiku. Hizo ni saa 7 na nusu, mara siku 6 ni 45 kamili, na usiku anapumzika saa 9 na nusu. Inaifaa familia yenye watoto wa shule. Inakwama pale penye mtoto mchanga, kwa sababu mchana hauwi tena wa kwake. Kumwambia "pumzika tu huku unamwangalia mtoto" ni kumwambia afanye kazi. Nyumba yenye mtoto mchanga na wazazi wote wawili kazini inahitaji ama watu wawili ama mmoja wa mchana anayeondoka mzazi akirudi.

Tuseme dada anayelala anafanya ovataimu hadi ukomo wa saa 50 kila wiki nne, kiasi ambacho nyumba nyingi hukifikia bila kujua: saa 3 za ziada kwa siku tayari ni 72, zimepita. Saa 50 kwa 1,154 ni 57,700. Mizunguko 13 ya mwaka inafanya 750,100. Ongeza kwenye 1,989,000, unafika 2,739,100, bado bila michango juu ya ovataimu hiyo. Umebaki pungufu ya anayekuja na kurudi kwa 575,900 kwa mwaka, yaani karibu 48,000 kwa mwezi, au takriban 1,600 kwa siku. Kwa pesa hiyo mlishe mtu mzima chai, mchana na usiku, mpe sabuni, maji na umeme. Haitoshi. Anayelala ni rahisi pale tu saa zake zinapobaki 45, au pale ambapo mwajiri halipi anachodaiwa.

Anayekuja na kurudi hesabu yake haina siri. Saa 2 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, ukiondoa saa moja ya chakula, siku sita. Au siku tano, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni na saa moja ya chakula, Jumamosi na Jumapili yuko kwake. Pumziko la dakika 60 ni lazima baada ya saa 5 mfululizo za kazi. Hatari yake ni foleni: anayetoka Mbagala au Chanika kwenda Mikocheni huchelewa, na waajiri huanza kumkata. Suluhisho ni kusogeza ratiba, si kukata. Nauli ya kila siku haitajwi na sheria kama haki. Mkikubaliana, iandikwe peke yake nje ya mshahara wa msingi. Ukiichanganya humo, ovataimu na sikukuu zote zitahesabiwa juu ya nauli pia.

Kazi ya usiku, saa 2 usiku hadi 12 asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa saa. Kwa 769 ni shilingi 38 kwa saa. Ni ndogo hadi inachekesha, lakini mlinzi wa usiku akikudai ya miaka mitatu haichekeshi tena.

Siku ya mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo. Akifanya kazi siku hiyo, au siku ya sikukuu, kila saa hulipwa mara mbili: 1,539 kwa dada wa 150,000. Sikukuu ya Idi nyumba ina wageni, kazi ya saa 8 ni karibu 12,310. Anayelala ndiye anayepoteza siku hii zaidi, kwa kuwa hata akiwa mapumziko mlango wake unagongwa. Dawa iliyozoeleka na inayofanya kazi ni atoke nje ya nyumba, aondoke Jumamosi jioni arudi Jumapili jioni.

Likizo: hapa wote wanakaribia kulingana

Wapo wanaodhani anayelala ana likizo ya "kwenda kusalimia nyumbani" wiki moja ya Krismasi. Hapana. Anayelala na anayerudi kwake wote wana siku 28 mfululizo zenye malipo kwa kila miezi 12. Jumapili na sikukuu zinazoangukia humo zimehesabiwa ndani. Malipo ya likizo hutolewa kabla hajaondoka, si akirudi. Kumwekea mshahara "ili arudi" ndiko kunakowafanya wengi wasirudi.

Wewe ndiye unayepanga tarehe, ila usivuke miezi 6 baada ya mwaka wa likizo kwisha, au miezi 12 ikiwa amekubali na kazi kweli inalazimisha. Ruhusa za kulipwa alizoomba katikati ya mwaka, mathalani siku tatu za harusi ya ndugu, unaweza kuzitoa kwenye zile 28, mradi uliziandika wakati ule. Siku za ugonjwa, uzazi au notisi haziwezi kugeuzwa kuwa likizo ya mwaka. Kosa linalojirudia: dada anaugua malaria wiki mbili akiwa kwao, mwajiri anasema "basi likizo umeshaimaliza".

Nauli ya kwenda likizo si haki ya kisheria kwa mfanyakazi wa mtu binafsi, ni desturi. Desturi nzuri, na kwa anayelala karibu isiyokwepeka. Iwekeni kwenye mkataba ijulikane ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi.

Ugonjwa una mzunguko wa miezi 36: jumla siku 126, za kwanza 63 kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Sharti ni cheti cha daktari. Kwa anayelala jambo hili lina uzito wa pekee, kwani mwajiri hutaka aende kwao akaugulie huko. Akienda, mshahara unaendelea kwa masharti yaleyale.

Uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Anapaswa kukutaarifu angalau miezi 3 kabla, akiwa na cheti cha daktari, na anaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe. Akirudi, ana hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha kazi, hata akilala nyumbani kwako na hata ukiona nyumba imebana. Kama unajua chumba hakimpokei mama na mtoto, anayekuja na kurudi ndiye chaguo lako tangu mwanzo.

Likizo hizi humhusu aliyefikisha miezi 6 ya kazi. Kuajiri na kubadilisha watu kila mwezi wa tano ili kukwepa ni mchezo unaofahamika, na sheria imeuona: aliyefanya kazi kwako zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyake hujumlishwa, vikizidi miezi 6 anastahili.

Kibarua: siku ngapi hadi awe mwajiriwa?

Mama wa kufua, kijana wa kukata nyasi, anayekuja kupika siku za wageni. Hawa huchukuliwa kuwa nje ya sheria kwa sababu hulipwa mkononi jioni. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinaweka dhana ya ajira, yaani mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa wako mwenye haki hizi, likizo ikiwemo, kwa vigezo kadhaa, na kimoja tu kikithibitika kinatosha hadi wewe uonyeshe vinginevyo. Kimojawapo: amekufanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Pima. Siku moja kwa wiki, saa 8, ni takriban saa 35 kwa mwezi: chini ya mstari. Siku mbili kwa wiki, saa 6 kila moja, ni 52: umevuka. Siku tatu za saa 8 ni 104, huyo si kibarua kwa maana yoyote ya maana. Vigezo vingine ni kama kumpa vifaa vya kazi au yeye kukutegemea wewe kwa riziki, kwa hiyo hata wa siku moja si salama moja kwa moja. Mstari wa pili wa kukumbuka ni siku 6 kwa mwezi: anayefanya chini ya hapo hahitaji yale maelezo ya maandishi ya ajira.

Kwa nyumba ya watu wawili wasio na watoto, kibarua wa siku moja kwa wiki ni 780,000 kwa mwaka, na ndiye jibu. Akifika siku tatu, tazama tena jedwali: umekaribia bei ya mtu wa kudumu huku ukiwa na mtu ambaye notisi yake ni siku 4 tu. Kwa upande wake yeye pia ni siku 4. Wiki ya mitihani ya watoto utamkuta kahamia mtaa wa pili.

Kulipa, na kukata

Mshahara ni wa fedha, siku mliyokubaliana, pamoja na hati ya malipo. Akikubali kwa simu, tuma na ya kutolea. Asipoweza kuitoa yote, umemlipa pungufu. Kumshikia mshahara hadi mwisho wa mwaka "asije akautapanya" hakuna kibali popote, hata mzazi wake akiomba. Vilevile mshahara ni wa mfanyakazi, si wa mama yake kijijini, isipokuwa yeye mwenyewe ameandika hivyo.

Kukata kwa kioo kilichovunjika au nguo iliyoungua pasi kuna masharti: hasara itokee kazini kwa kosa lake, umweleze kwa maandishi sababu na hesabu, apate nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Kwa 150,000 ni 37,500 kwa mwezi, si zaidi. Ada ya dalali aliyekuletea mfanyakazi ni gharama yako.

NSSF ni asilimia 20: kwa kawaida 15,000 kwako na 15,000 kwake kwa mshahara wa 150,000. Unaweza kubeba yote, na kwa mishahara midogo nashauri hivyo, kwa kuwa dada anayeona 135,000 badala ya 150,000 atakuomba usimsajili. Kodi ya mshahara haianzi hadi 270,000 kwa mwezi.

Umri: chini ya miaka 14 ni marufuku. Mwenye 14 hadi 17 ni kazi nyepesi isiyoathiri shule wala afya yake, na kulala ndani akitumika alfajiri hadi usiku si kazi nyepesi.

Siku ya kuagana

Hapa ndipo anayelala anapokuwa ghali kwa ghafla. Chukua dada wa 150,000 aliyekaa miaka 5 kamili na siku za kazi 130 za mwaka wa sita, na uliyemwajiri akitokea Iringa. Mshahara wake wa siku ni 150,000 gawa kwa 4.333 gawa kwa 6, yaani 5,770. Ukimwachisha kwa sababu halali isiyo utovu wa nidhamu:

- mshahara wa siku alizofanya;
- notisi ya siku 28 ya maandishi yenye sababu, au malipo yake;
- kiinua mgongo, siku 7 kwa kila mwaka kamili, ukomo miaka 10: 35 × 5,770 = 201,950;
- likizo ya mwaka usiokamilika, siku moja kwa kila siku 13: 130 gawa kwa 13 ni siku 10, yaani 57,700, pamoja na likizo yoyote inayodaiwa;
- usafiri wake na mizigo hadi Iringa alikochukuliwa, na kama ukilipa posho isipungue nauli ya basi hadi stendi ya karibu. Ukichelewesha, unadaiwa posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri;
- cheti cha utumishi.

Anayekuja na kurudi aliyeajiriwa Dar es Salaam akikaa Dar es Salaam hana ile ya usafiri. Mengine yote anayo. Ndiyo sababu "mahali alipoajiriwa" paandikwe siku ya kwanza. Lisipoandikwa likaja kugombaniwa, usipoweza kuonyesha karatasi, mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Notisi usiitoe akiwa likizo. Akiondoka yeye ghafla, mshahara wa siku alizofanya bado ni wake, ila sheria inakuruhusu kukata humo malipo ya siku za notisi alizokataa kuzifanya. Kwa aliye chini ya miezi 6 masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayatumiki, lakini notisi na malipo ya kazi yapo.

Karatasi inayotosha ni ukurasa mmoja: majina, umri, jinsia na anwani yake, mahali alipoajiriwa, kazi zenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa, mshahara na jinsi unavyohesabiwa, na marupurupu kama chakula na chumba. Ongeza daftari la saa za ziada, sikukuu na likizo, mkitia saini wote kila mwisho wa mwezi. Vitunze miaka 5 baada ya kuagana. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, mingine ndani ya siku 60, kwa fomu namba 1.